Siku moja maishani mwangu: fundi umeme wa magari Mtwara na taa iliyogoma kuzima

Watu wakisikia fundi gari wanawaza mtu kalala chini ya injini kajaa oili. Mimi ni fundi umeme, nashika waya, na kazi yangu kubwa ni kutafuta. Nimeandika siku moja tu, ya jana, muone kutafuta kukoje.

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua banda hapa Magomeni. Chai, mihogo, dogo anayejifunza kwangu anafagia. Mpaka saa 3 nshamaliza pikipiki moja haichaji na pikapu ya korosho kutoka Tandahimba, taa za nyuma zimekufa kwa vumbi.

Saa 3 na kitu anaingia mama mmoja na Toyota ya mwaka 2003, anachukua samaki Feri anapeleka Nanyamba. Kaja na kijana, mtoto wa dada yake. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hii taa ya eabegi inanitesa mwezi wa tatu sasa, mafundi wawili wameizima, jioni imezima asubuhi ipo. Ukiwasha swichi ile taa inatakiwa ikae kama sekunde 6 halafu izime yenyewe. Ya kwake haizimi. Maana yake kompyuta ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaokinga watu, imeona kasoro, na ikishaona kasoro, siku ya ajali mfuko unaweza usifunguke kabisa. Wengi wanadhani ni taa tu.

Kijana akatoa kile kidude cha kuchomeka kinachosoma kwenye simu, anasema mbona hakuna kosa. Vile vya bei rahisi vinasoma injini, eabegi havioni. Hizi Toyota za zamani zina njia yake, unaunganisha kwa waya tundu namba 4 na namba 13 kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, unawasha swichi, taa yenyewe inaanza kukonyeza na wewe unahesabu. Dogo kashika kalamu. Moja, kimya, nne. Sita, kimya, nne. Yaani kodi, namba za kosa, 14 na 64: njia ya eabegi ya usukani imekatika mahali, na njia ya kivuta mkanda, kile kinachokaza mkanda wa usalama siku ya ajali, cha upande wa kulia, kwa dereva, nayo imekatika.

Nikachomoa betri, na hapo ndio shida ikaanza, maana ukichomoa betri hugusi kitu hapohapo, ile kompyuta inabaki na umeme wa akiba, kitabu kinasema sekunde 90, mimi nasubiri dakika kumi. Mama anaangalia saa, samaki wako kwenye ndoo barafu inayeyuka, mwanangu mbona umekaa? Sijakaa mama, nasubiri. Kugeuka namkuta kijana kachomoa soketi ya njano chini ya usukani, kashika mita yangu kaiweka kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya, anataka kupima eabegi, kaona kwenye video. Nilipiga ukelele mpaka muuza chipsi wa jirani akaja mbio. Mita ina betri ndani, umeme ule mdogo unaweza kulipua eabegi, na uso wake alikuwa kauinamisha palepale kwenye usukani. Mikono ilinitetemeka robo saa nzima.

Nikaanza na mkanda. Nikavua plastiki ya chini ya nguzo ya mlango, nikanyanyua kapeti, harufu ikatutoa nje. Soketi imejaa unga wa kijani, pini moja imeliwa mpaka imebaki kama ncha ya sindano, na juu yake gamba la samaki limeganda linang'aa. Maji ya chumvi ya kwenye ndoo yote yanaishia pale. Nikasafisha, nikaweka pini kutoka kwenye soketi nzima ya gari bovu, nikafuta zile kodi kwenye kompyuta.

Saa 8 mchana taa imezima, mama anashangilia. Nikasema tuzunguke kwanza. Kipilefti ya kwanza tu, nakata kulia, taa hiyo hapo. Ndio nikakumbuka sijala. Kuanzia hapo saa sikuangalia tena.

Tunarudi, mimi kimya, mama anaongea peke yake: na honi nayo ikipenda inalia isipopenda hailii, ila hiyo sio shida. Mama! Honi na eabegi ya usukani zinapita njia moja, utepe wa waya uliojiviringisha ndani ya usukani, spairo kebo, kila ukikata kona unajikunja na kujikunjua, na hii gari ina zaidi ya miaka 20. Nikamwambia dogo bonyeza honi usiachie, mimi nikageuza usukani polepole. Inalia, inalia, nusu mzunguko kulia, kimya. Narudisha, inalia. Nilifurahi balaa.

Nimezunguka maduka manne ya spea, hakuna. Nikapiga simu Kariakoo, wanaiweka kwenye basi. Sasa hesabu. Elfu 40 ya nini mwanangu, si umefuta soketi tu na taa bado inawaka? Hili ndilo linalotuuma. Spea ya laki mtu analipa bila kuuliza, ila siku nzima ya kujua spea ipi anaiita hamna kitu. Wale mafundi wawili walikuwa wanafuta kodi tu, taa inalala usiku mmoja, na hela walipewa.

Kijana anasema basi toa balbu, trafiki asimsumbue. Nikakataa. Shangazi, sijui mama yako mdogo huyu, kaendesha miezi mitatu kivuta mkanda hakifanyi kazi, kilichomwambia ni hiyo balbu. Akauliza kwani eabegi ya 2003 bado nzima? Hilo swali zuri, kuna gari nyingi za Japani zilifungwa eabegi za kampuni ya Takata, baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na pwani yetu ndio hali hiyo, ikilipuka inarusha vyuma. Nikampa kazi ya kwenda kuangalia namba ya chasi mtandaoni kama gari yao iliitwa kurekebishwa.

Mama katoa elfu 25, nyingine nikishafunga spairo. Giza limeshaingia. Kafika barabarani kapiga honi kutuaga, ikalia vizuri kabisa. Alikuwa bado hajakata kona.