Kuchora nyumba kwenye kiwanja cha uani, Tokyo

Kiwanja kiko Setagaya, Tokyo, nyuma ya nyumba za watu. Kina umbo la bendera: mlingoti ni ujia wa mita 2 kwa 10 kutoka barabarani, kitambaa ni mita 6 kwa 7 huko ndani. Zile mita 2 ndizo uhai wake. Chini ya hapo, sheria ya ujenzi ya Japani ya mwaka 1950 kwa kawaida haikupi kibali.

Kwetu Tanga eneo likibana unapandisha ghorofa, yamekwisha. Kule hata anga ina mipaka. Mtaa ule jengo halifuniki zaidi ya nusu ya kiwanja, na upande wa kaskazini kimo huanzia mita 5 mpakani, kisha huongezeka mita 1.25 kwa kila mita unayorudi ndani, jirani asinyimwe jua. Basi sikuanza na vyumba. Nilichora kwanza umbo lote linaloruhusiwa, paa likajikata mshazari lenyewe. Nafuu ni kwamba ujia nao huhesabiwa: jumla mita za mraba 62, nusu yake 31. Nikaweka jengo la mita 5 kwa 6, na sentimita 50 za kuachana na jirani kila upande.

Mwanga ndio uliotutoa jasho. Kanuni ya kawaida inadai dirisha la 1/7 ya sakafu, na dirisha lililokabana na ukuta wa jirani kisheria ni kama halipo. Sebule nikaipandisha juu, kwa kuwa dirisha la paani huhesabiwa mara 3 ya ukubwa wake. La mita 1 ya mraba likaitosha sebule ya mita za mraba 20. Chini, vyumba viwili vya kulala nikavitenga kwa fusuma, ile milango ya karatasi ya kusukuma pembeni. Vikitengwa hivyo huhesabiwa chumba kimoja, kwa hiyo dirisha moja linalotazama ujia likavitosha vyote. Ujanja halali kabisa, na mimi naupenda.

Mteja hesabu hizo hazikumshughulisha. Alichouliza ni futoni zake, yale magodoro ya kukunja, ataanika wapi. Tukamtolea kibaraza cha kusini.

Lori halikuingia. Zege lilipitishwa kwa bomba la pampu, nguzo za milimita 105 zilikuja zimekatwa kiwandani, mafundi wakazibeba begani. Boriti nilizipanga zisizidi mita 4, ziweze kukata kona ya barabarani bila kukwaruza ukuta wa mtu.