Tulivyourudisha mfongo wa mababu, Marangu

Maji yaliingia kwenye nduwa yetu, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfongo, Jumamosi jioni, na mama mdogo akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Kwa miaka karibu 12 nduwa ile ilikuwa shimo la majani makavu ya migomba.

Kwa asiyeujua, mfongo ni mfereji wa udongo unaochepusha maji mtoni kule juu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima mpaka vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Wachaga walikuwa nao kabla Mjerumani hajafika. Mwingereza Harry Johnston alipokaa Moshi mwaka 1884 aliikuta mifongo iko kazini. Hakuna pampu wala mota. Mteremko ndio kila kitu: ukizidi, maji yanakula kingo, ukipungua, yanatuama na tope linajaa.

Kilichoniuma ni ushauri wa kwanza. Fundi mmoja aliniambia bila saruji ninapoteza muda, nami nikamwamini. Mifuko kama 15, mchanga, kokoto, vibarua, ikafika laki tano na ushee, michango ya ukoo mzima. Tukasakafia kipande cha kwenye korongo, kikapendeza kweli. Masika yaleyale udongo ukasogea, sakafu ikapasuka, maji yakapenya chini yake na kuchimba pango ambalo mtoto angeweza kuingia. Juu huoni kitu! Mfereji wa udongo ukianza kuharibika unalowana pembeni, unakupa habari mapema. Saruji inakuficha mpaka siku ya kuporomoka. Tuliibomoa kwa nyundo.

Ndipo nikamwendea mzee aliyewahi kusimamia zamu za maji. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, mfongo hauvuji pale unapoona pamelowa. Unavuja kule juu zaidi, maji yanakotoka." Akaniagiza gunia la maganda ya kahawa.

Tukafungulia maji kidogo tu. Yeye akawa anamwaga maganda, konzi moja moja, sisi tunatembea nayo ukingoni taratibu. Maganda yanaelea vizuri, halafu ghafla yanapunguza mwendo, yanazunguka, yanazama. Hapo hapo kuna shimo la fuko. Tulipata mashimo 7 kabla ya saa nne asubuhi. Hata hivyo maji bado yalifika nduwani kama mkojo wa mbuzi, basi mzee akatuita tena alfajiri, kabla ndege hawajaanza kelele. Akapiga magoti, sikio ardhini, akasogea, akasikiliza tena. Kwenye mizizi ya mti wa mringaringa akanyoosha kidole. Nami nikasikia: maji yalikuwa yakinong'ona chini kabisa. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu asubuhi ile.

Kuziba ni kuponda shina la mgomba, kulisindilia ndani, kisha udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa kwa miguu ukanata, na juu yake majani na mizizi yake. Usitumie mchanga. Banio la mtoni, yaani kizuizi kinachogeuza maji yaingie mfongoni, tulilipanga kwa mawe, magogo na majani; mafuriko yatalibeba, nasi tutalipanga upya, ndivyo lilivyokusudiwa.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ulichukua Jumamosi nne. Waliokosa walileta mbege, pombe yetu ya ndizi.

Zamu yetu ni Jumanne usiku, mpaka alfajiri. Jumanne hii naenda mwenyewe kufungua.