Zamu ya Maji Ilula

Ilikuwa Septemba huku Ilula, Iringa, kiangazi kimekaza. Katika kipindi cha Biblia cha Jumapili mchana nilifundisha Mithali 21:1, kwamba moyo wa mfalme ni kama mifereji ya maji mkononi mwa BWANA, naye huugeuza apendako. Nilieleza kwa mfano wa ng'ombe anayevutwa kamba. Bibi mmoja, mzee wa usharika, alinisubiri mlangoni. "Mwinjilisti, kamba umeitoa wapi? Kesho ni zamu yangu ya maji. Njoo na jembe."

Nilifika kungali na giza. Hakuanza na mfereji mkuu. Alianza chini, kwenye nyanya, akapanda na mfereji wake taratibu akitoa majani na kukanyagia udongo kila tundu la panya. Maji yakikuta majani hujaa, alisema, yakijaa hula ukingo, na ukingo ukishaliwa shamba la jirani ndilo linalooga. Kisha akakata mabonge ya udongo wenye nyasi, mizizi ikiwa bado imeushika, akayapanga kukinga mfereji mkuu. Hakuukinga wote, aliacha ya kupita kwa walio chini. Mwisho akafungua kinywa cha mfereji wake, upana wa jembe tu. Ukikifungua chote kwa mkupuo, maji hubomoa matuta na kuacha mizizi ya nyanya wazi.

Maji yakaingia, yakabeba vumbi na vijiti mbele yake.

"Umeniona nikiyasukuma?"

"Hapana, bibi."

"Kushuka ni kwake. Mimi nimesema yashukie wapi. Na yakibomoa tuta, tunasema maji yamebomoa."

Kwa Kiebrania maneno ya mstari ule ni *palgei mayim*, na mzizi wake ni kugawa. Ndiyo hayo hayo ya Zaburi 1:3, ambako Biblia yetu imeweka "vijito", na mkulima anayesoma vijito haoni jembe. Ni maji yaliyogawanywa. Mwandishi wa Mithali hakumfanya mfalme kuwa kijiti kinachoelea. Tamaa ya mfalme ina uzito na mteremko wake, na ni yake kweli.

Nadhani bila hilo Isaya 10 haisomeki kabisa. Mungu anaiita Ashuru, dola iliyoivamia Israeli, fimbo ya hasira yake, kisha katika sura ile ile anaahidi kuiadhibu. Mstari wa 7 unatoa sababu: Ashuru haikukusudia hivyo, moyoni mwake mlikuwa na kuangamiza tu. Ng'ombe wa kamba haadhibiwi kwa njia aliyopitishwa.

Kwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, maji yaliteremkia upande wa rehema. Aliitwaa Babeli mwaka 539 KK, na Ezra 1 inasema BWANA ndiye aliyemwamsha roho awaruhusu Wayahudi kurudi kujenga hekalu. Lakini silinda ya udongo yenye maneno ya Koreshi, iliyochimbuliwa Babeli mwaka 1879, inasema aliyemchagua ni Marduk, mungu wa Babeli. Isaya 45 inamwita masihi, mpakwa mafuta, na papo hapo inamwambia mara mbili: ingawa hukunijua. Wengi husoma ile "masihi" wakashangilia, na "hukunijua" wakairuka.

Naye Yesu mbele ya Pilato, Yohana 19:11, anasema mamlaka ile imetoka juu, na katika mstari huo huo anataja dhambi, iliyo kubwa zaidi kwa aliyemtoa. Kutoka juu hakukumfutia mtu hatia.

Nililirudia somo Jumapili iliyofuata, kamba nikaiacha. Lakini siku ile shambani jua lilipofika utosini, bibi aliangalia kivuli chake, akashika jembe, akaziba kinywa kwa mabonge yale yale. Jirani alikuwa amekwisha kusimama ng'ambo ya tuta, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Kamwene," akamsalimu kwa Kihehe. "Yako hayo."