Gabioni za Kanaba

Abiria wengi wakipita Kanaba, kati ya Kabale na Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, hutazama chini bondeni. Mimi hutazama ukingo wa juu, kwenye waya. Kazi yangu ni kukagua kuta za gabioni, yale makapu ya waya yaliyojazwa mawe.

Kutu ya juu juu hainitishi. Natoa kipimo changu. Waya wa gabioni mara nyingi una kipenyo cha milimita 2.7, ukiliwa hadi 2.1, kwa macho huoni tofauti kubwa, lakini chuma kilichobaki ni kama asilimia 60 tu. Zinki iliyoufunika ikiisha, kutu haina adabu, hasa chini kabisa ambako matope hulala na unyevu haukauki. Ndiyo maana suruali zangu zote zimechakaa magotini.

Linalonikosesha usingizi ni nyuma ya ukuta. Nafasi ile imeachwa makusudi, jiwe likiporomoka likae humo. Mvua za Machi hadi Mei zikiijaza udongo na vifusi, jiwe linalofuata hupita juu ya ukuta moja kwa moja hadi barabarani.

Mama mmoja auzaye viazi hapo chini aliniuliza, “Mwanangu, si bado umesimama huu?” Nikamwambia, umesimama, mama, ila umeshiba. Akacheka, kisha akaanza kusogeza magunia.

Ripoti yangu inaomba vibarua na masepeto kwanza. Waya mpya baadaye, pale chini tu.