Nishani za babu na tarakimu zilizoliwa na mchwa

Nimeambiwa kwa miaka mingi kwamba askari wa akiba, yaani aliyemaliza mkataba akabaki wa kuitwa tena, hapewi nishani ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliniambia karani mmoja mstaafu, akaniambia mwalimu mwenzangu, na akaniambia kijana mmoja pale Majengo aliyetaka laki mbili za "kufungua faili", huku akinionya kwamba kesi ni ngumu kwa sababu mzee alikuwa akiba. Leo nishani tatu za babu ziko Mvumi, Dodoma, nyumbani kwa baba yangu, na hakuna mtu aliyelipwa hata shilingi kwa ajili ya faili. Serikali ya Uingereza haitozi hela kwa nishani ambazo mzee alistahili na hakuwahi kupewa. Ukiombwa hela ya nishani yenyewe, ondoka.

Babu aliingia Keya kabla ya vita. Keya ndilo jina ambalo wazee wetu waliwaita King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kulima uwele, jina lake likabaki kwenye orodha ya akiba. Vita vilipoanza Septemba 1939 akaitwa tena, akaacha jembe, na hakurudi moja kwa moja mpaka 1946. Nishani za vita vile askari aliyekwisha kutoka jeshini alitakiwa aziombe mwenyewe. Nani angemwambia hayo mkulima wa Mvumi? Alifariki mwaka 1971 bila kuzigusa.

Sasa hilo la akiba. Linaniuma kwa sababu linawanyima watu haki yao kwa neno moja tu. Siku ambazo mtu wa akiba alikaa kwake akilima, hizo hazihesabiwi, na hakuna anayedai zihesabiwe. Lakini siku alipoitwa akavaa sare, akawa askari wa muda wote kama wengine, hesabu inaanza. Nishani ya Vita ya 1939 hadi 1945 inataka siku 28 tu za utumishi wa namna hiyo. Nyota ya 1939–1945, nishani yenye umbo la nyota, inataka siku 180 kwenye maeneo ya mapigano. Nyota ya Afrika, kwa aliyepigana Abisinia (Ethiopia ya leo) kabla ya mwisho wa Novemba 1941, hata siku moja inatosha. Hakuna mahali panapouliza kama mtu alitoka akiba.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya hasira. Niliandika kama mjukuu, nikadai nishani zote, nikaeleza na historia ya ukoo. Jibu kutoka ofisi ya nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza lilikuwa fupi: karatasi ya utumishi iko wapi, na je, mwombaji ndiye ndugu wa karibu zaidi aliye hai? Siye. Baba yangu yupo, mtoto mkubwa wa babu, ana miaka themanini na kitu. Kwa hiyo miezi karibu minne ikapotea kwa sababu niliharakisha.

Karatasi tulikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati la bibi, chini ya khanga, imekunjwa mara nne. Nilipoifunua nilitaka kulia. Mchwa walikuwa wamepita kwenye mkunjo wa juu, na walichokula ni namba ya askari. Tarakimu mbili za mwanzo zilionekana, iliyofuata ilikuwa nusu, labda 3, labda 8, na zilizobaki zilikuwa tundu. Tarehe zilikuwepo, batalioni ya sita ilikuwepo, Abisinia na Madagaska zilikuwepo. Jina ndilo liliandikwa kwa masikio ya mgeni, "Ch" ya kwetu imekuwa "K", kiasi kwamba mtu asiyetujua angesema huyu ni mtu mwingine. Ndiyo maana namba ilikuwa muhimu kuliko jina. Jina la Kigogo kila karani aliliandika anavyolisikia, ila namba haibadiliki.

Nilikaa na lile tundu wiki nzima. Nililiweka juani, nikalitazama kwa kioo cha kukuzia, nikapiga picha na kuzikuza kwenye simu. Hakuna kitu. Kisha siku moja nimekaa jikoni kwa shangazi, naye anapima unga wa ugali kwa kile kibakuli cha jeshi cha babu chenye mpini wa kukunja. Kibakuli hicho tumekipimia unga tangu nikiwa mtoto. Alipokipindua kukikung'uta, unga ukabaki kwenye mikwaruzo ya chini, mistari myeupe myembamba, na mmoja wao ulikuwa umejikunja kama 6.

Nikamwambia, "Shangazi, naomba hicho usikioshe."

Nilichukua masizi ya sufuria, nikayachanganya na tone la mafuta ya alizeti, nikapaka chini ya kibakuli chote mpaka kikawa cheusi. Halafu nikafuta kwa khanga kavu, polepole, kwa kuzungusha, bila kukandamiza. Masizi yakatoka juu yakabaki ndani ya mikwaruzo. Zikatokea tarakimu zote, moja baada ya nyingine, zimechorwa kwa msumari na mkono wa mtu asiye na haraka: mbili za mwanzo zilezile za kwenye karatasi, ya tatu ni 8, na zilizoliwa na mchwa zote zipo. Shangazi alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Nilipiga picha ya kibakuli na karatasi vikiwa vimelala pamoja, tarakimu zikitazamana. Hiyo picha ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote nilizofanya tangu nistaafu.

Cheti cha kifo, kiapo kwa wakili, barua ya mtendaji, hayo kila mtu anayajua. Yote pamoja na posta sidhani kama yalifika laki moja na nusu. Uhusiano wa baba na babu ulithibitishwa na daftari la ubatizo la kanisani, na pale penye kazi ya baba wa mtoto, mwaka 1940, pameandikwa neno moja: askari.

Jambo lililokuwa gumu zaidi halikuwa karatasi. Lilikuwa baba. Maisha yake yote ameamini kwamba babu alipigana Burma (Myanmar ya leo). Kwetu kila mzee wa Keya anasemwa alikuwa Burma, na baba alitaka Nyota ya Burma kuliko kitu chochote. Nilikaa naye chini ya mbuyu nikamsomea karatasi. Babu aliingia Abisinia 1941, na Septemba 1942 walishuka Majunga kule Madagaska. Burma hakufika.

"Lakini alitusimulia vifaru," baba akasema.

"Alisimulia Mzungu aliyeruka juu ya kifaru, baba. Huyo ni Sajini Leakey wa batalioni hiyohiyo ya babu. Ni Colito, Abisinia, tarehe 19 Mei 1941. Alifungua kifuniko cha kifaru cha Mwitaliano kwa mikono yake, na hakuonekana tena."

Baba alinyamaza muda mrefu. Mwisho akasema, "Basi aliyotuambia yalikuwa kweli. Sisi ndio tuliokosea mahali."

Baada ya mwaka na kidogo, kifurushi kikafika posta Dodoma. Nyota mbili za rangi ya shaba na nishani moja ya duara yenye simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Utepe wa Nyota ya Afrika una rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati. Baba alizigeuza nyuma kutafuta jina la babu, hakuliona. Nyota za Waingereza za vita vile hazikuandikwa majina, na ndiyo maana yule aliyenishauri ninunue moja Dar es Salaam niiweke ukutani alinikosea sana. Ya dukani haina mtu. Hizi tumezishonea kitambaa, na kwenye kitambaa shangazi amedarizi jina kama tunavyolitamka sisi, kwa "Ch", na chini yake namba ya kwenye kibakuli.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Handali na karatasi ya babu yake ndani ya mfuko wa sukari. Batalioni ya 36. Huyo ndiye wa Burma, bonde la Kabaw, 1944. Namba yake imefifia, lakini amesema nyumbani wana kijiko cha zamani chenye mikwaruzo kwenye mpini. Nimemwambia asikisugue kwa mchanga, akilete kama kilivyo.