Jinsi Nilivyopokea Picha za Setilaiti Nikiwa Moshi, kwa Waya wa Shaba na Programu Huria

Redio kwangu ilikuwa chombo cha taarifa ya habari na mpira, mpaka nilipofahamu kwamba setilaiti za hali ya hewa hurusha picha zake kwenye masafa yasiyo mbali sana na yale ya FM, tena bila kuzifunga kwa ufunguo wowote, hivyo kwamba aliye chini ya njia yake anaweza kuzipokea bila kumwomba mtu. Nilizozilenga ni Meteor-M N2-3 na Meteor-M N2-4 za Urusi, zilizorushwa mwaka 2023 na 2024. Zinaizunguka dunia kwa kupita karibu na ncha zake, zikiwa juu kwa takribani kilomita 820, na hutuma picha kwenye megahezi 137.9 au 137.1. Setilaiti za NOAA za Marekani, ambazo wapenzi wengi wa jambo hili walijifunzia, zilizimwa mwaka 2025, kwa hiyo maelekezo mengi ya zamani yanayozitaja hayamfai tena anayeanza leo.

Kipokezi changu ni kifaa cha USB chenye ukubwa wa flashi, ambacho kilitengenezwa ili mtu atazame televisheni ya kidijitali kwenye kompyuta. Ndani yake mna chipu ya Realtek iitwayo RTL2832U. Mwaka 2012 Antti Palosaari, mwandishi wa viendeshi vya vifaa kwa mfumo endeshi huria wa Linux kutoka Finland, alionyesha kwamba chipu hiyo inaweza kuipa kompyuta sampuli ghafi za mawimbi, yaani vipimo vyake kama vilivyoingia, kabla hazijageuzwa kuwa televisheni, na watu wa mradi wa programu huria wa Osmocom wakaandika programu ya kuifanyia kazi nafasi hiyo. Tangu hapo kifaa cha bei ya chini kabisa kikawa redio inayofika kuanzia megahezi 24 hivi hadi zaidi ya 1,700. Hakuna skrubu iliyofunguliwa. Kilichobadilika ni programu peke yake, na jambo hilo ndilo lililonivuta kuliko hata picha zenyewe.

Kompyuta mpakato niliyoitumia ni ya mtumba, na niliiwekea Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Programu ya Gpredict hunijulisha saa ambayo setilaiti itachomoza na upande itakakotokea, na Gqrx hunionyesha mawimbi kwenye kioo kadiri yanavyoingia. Zote mbili ziliandikwa na Alexandru Csete, na zinatolewa kwa leseni huria ya GPL pamoja na msimbo wake. Ya tatu ni SatDump, ambayo huyasimbua mawimbi na kuyageuza kuwa picha. Hiyo nililazimika kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, nikaiacha kompyuta ikifanya kazi hiyo usiku, wakati kifurushi cha intaneti ni cha bei nafuu.

Antena niliitengeneza kwa waya wa shaba wa kutandazia umeme nyumbani, nikifuata umbo lililoenezwa na Adam Alicajic wa Kroatia: mikono miwili ya sentimita 53 hivi, iliyofungwa kwenye konekta ya plastiki ya mafundi umeme, ikiachana kwa pembe ya nyuzi 120 na kulazwa sambamba na ardhi, huku uwazi wake ukielekea kaskazini au kusini. Kulazwa huko kuna maana, kwa sababu mitambo mingi ya ardhini hurusha mawimbi yaliyosimama wima, na antena iliyolala huyasikia kwa unyonge. Niliipandisha juu ya mti wa mkaratusi uani kwetu Pasua. Mama mwenye nyumba aliniuliza, "Mwanangu, hicho hakitatuitia radi?" Swali lake lilikuwa la haki, na tangu siku hiyo mbingu zikianza kunguruma antena hushushwa.

Kazi ngumu ilikuwa FM. Kipokezi hiki hupima mawimbi kwa biti 8 tu, yaani kina ngazi 256 za kutofautisha sauti kubwa na ndogo, na kituo cha FM kilicho karibu kinapozijaza ngazi zote, setilaiti iliyo mamia ya kilomita haina pa kukanyaga. Kwenye Gqrx niliona dalili zake waziwazi: vivuli vya muziki vikijitokeza mahali ambapo hapakuwa na kituo chochote, na usuli wote, yaani kelele ya chini isiyo ya kituo chochote, ukiinuka na kushuka kwa kufuata mdundo. Jambo la kwanza lilikuwa kuuzima ukuzaji wa mawimbi unaojiendesha na kuupandisha kwa mkono, ngazi baada ya ngazi, hadi pale usuli unapoanza kuinuka kidogo baada ya antena kuchomekwa, na kuishia hapo. Anayeongeza zaidi ya hapo anaongeza kelele.

Hatua hiyo ilisaidia lakini haikutosha, na sehemu kubwa ya wanaoandika kuhusu mambo haya wangeniambia niagize kichujio kutoka nje. Sikuona sababu. Kipande cha waya wa antena ya televisheni kikiungwa ubavuni mwa waya mkuu, na ncha yake ya pili ikaachwa wazi, hugeuka kuwa mtego: wimbi ambalo robo ya urefu wake inalingana na kipande hicho huenda hadi mwisho, hurudi likiwa limechelewa kwa nusu wimbi, na kuliua lile linaloingia. Kwa megahezi 98, ambazo ni katikati ya FM, robo ya wimbi hewani ni kama sentimita 76, lakini ndani ya waya wenye plastiki nzito mawimbi husafiri kwa takribani asilimia 66 ya mwendo wake wa hewani, hivyo kipande kinachohitajika ni cha sentimita 50 hivi. Nilikikata kirefu kuliko hesabu, nikakiunga, kisha nikaanza kukipunguza kwa mkasi, milimita chache kila mara, huku jicho likiwa kwenye Gqrx. Shimo la mtego lilionekana likipanda polepole kwenye masafa kadiri waya ulivyofupika, mpaka likakikuta kituo kilichonisumbua zaidi na kukizamisha. Mtego huo unameza pia sehemu ya mawimbi ninayoyataka, wala sidai kwamba unalingana na kichujio cha dukani, lakini vivuli vya muziki viliondoka, na gharama yake ilikuwa waya uliobaki kwenye ufungaji wa king'amuzi.

Kizuizi cha pili hakikatiki kwa mkasi. Kibo, sehemu ya juu kabisa ya Kilimanjaro, iko karibu kaskazini kamili mwa Moshi, kama kilomita 31 kutoka mjini, na kwa kuwa kilele chake kina mita 5,895 huku sisi tukiwa kwenye mita 800 na ushei, mlima unaziba nyuzi 9 hivi za anga. Setilaiti inayotoka kaskazini na kupita juu yetu husikika ikiwa imechelewa kwa karibu dakika mbili, kati ya dakika 15 za safari yake kutoka upeo mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo picha yangu huanzia Sudan, ilhali upande wa kusini, kuliko na tambarare za mashamba ya miwa ya TPC, inapotoka vizuri hufika hadi jirani na Durban.

Ilibaki kompyuta yenyewe, ambayo haikuweza kupokea na kusimbua kwa wakati mmoja. Ilidondosha sampuli, na kwa kuwa mawimbi haya ni ya kidijitali, kila kilichodondoka kiliacha mkanda mweusi kwenye picha. Nilizitenganisha kazi hizo mbili. Sasa hati fupi ya amri huiwasha programu ndogo ya rtl_sdr kwa saa iliyopangwa, nayo hurekodi sampuli ghafi 1,024,000 kwa sekunde bila kuzigusa, na dakika 13 zikiisha faili huwa na gigabaiti 1.6 hivi. SatDump hulisimbua faili hilo baadaye, polepole, hata umeme ukiwa umekatika na betri ndiyo inayofanya kazi. Kuhifadhi mawimbi yenyewe kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia: rekodi iliyotoa picha mbovu naweza kuirudia kwa mipangilio tofauti bila kusubiri setilaiti irudi.

Picha ya kwanza iliyotoka nzima ilionyesha Ziwa Victoria, mstari wa pwani kutoka Mombasa hadi kusini mwa Dar es Salaam, na mawingu yaliyojikusanya juu ya Kilimanjaro na Meru peke yake, nyanda zote za katikati zikiwa wazi bila wingu. Wakati wa masika mama mwenye nyumba huniuliza kama mvua ipo njiani, nami humwonyesha mawingu yalivyojipanga baharini, ingawa humwambia pia kwamba utabiri ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa wala si yangu. Niongeze kwamba ninapokea tu. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kwa wanaredio wa ridhaa inaambatana na jina la mwito linaloanza na 5H. Hiyo ni safari nyingine.

Kwa sasa nashirikiana na rafiki yangu wa Arusha aliyefunga mtambo kama wangu. Yeye ana Meru upande wa kaskazini mashariki, kwa pembe inayozidi ya Kibo kwangu, lakini kaskazini kamili na kaskazini magharibi kwake ni kweupe, kwa hiyo yeye huipata kaskazini ya Sudan kabla mimi sijasikia chochote. Kila pakiti, yaani kifungu cha data, inayotoka kwenye setilaiti ina namba yake ya mfuatano, na ninaandika kwa lugha ya Python programu itakayosoma pakiti zetu sote wawili na kujaza mapengo yangu kwa zile alizozipata yeye. Kuzipanga kwa namba tayari inaweza. Inachoshindwa bado ni kuchagua iliyo safi pale sote wawili tunapokuwa na pakiti ileile ikiwa na tofauti.