Git ilikuwa inakataa ujumbe wangu wa commit kwenye Windows: jinsi nilivyotatua

Git (programu ya kuhifadhi mabadiliko ya mradi hatua kwa hatua; kila hatua ni commit yenye ujumbe wake) hatimaye imekubali, naandika ili mwingine asihangaike. Timu yetu hapa Bukavu ina kompyuta za Linux na za Windows, na amri tunapeana kwa WhatsApp. Hii iliyotoka kwa mwenzetu wa Linux niliibandika kwenye cmd (dirisha la amri la Windows):

git commit -m 'rekebisha bei ya unga'

Jibu:

error: pathspec 'bei' did not match any file(s) known to git

Ikarudia hivyo kwa ya, kisha unga. Nilirudia git add, nikasakinisha Git upya, nikapakua mradi wote upya, na megabaiti zenyewe ni ghali. Bure.

Siri ilikuwa mstari wa mwisho: 'unga''. Alama mbili za kunukuu (') mwishoni! Moja ni ya Git, nyingine ni ile niliyoandika mimi, bado imeng'ang'ania neno. Bash (kisoma amri cha Linux) huondoa alama hiyo kabla Git haijaona kitu. Cmd huiacha kama herufi ya kawaida, basi ujumbe unakatika penye nafasi, na maneno yanayobaki Git huyatafuta kama mafaili.

Dawa ni alama pacha (") badala ya moja ('):

git commit -m "rekebisha bei ya unga"

Inakubali cmd, PowerShell (dirisha jingine la amri la Windows) na Bash. Ila wenye kuandika bei kwa dola muangalie: kwenye Bash, "$25" itabaki 5 tu. Huko andika \$25.